Sahani ya Bi Zuwena

Iko siku moja, mwanangu, nnayoikumbuka mpaka kwa harufu yake: iliki, na mkate wa kumimina ulioiva sasa hivi. Bibi yangu aliniwekea sahani mapajani, kaifunika kwa kitambaa cheupe, akanambia, "Kamrejeshee Bi Zuwena sahani yake."

Usicheke nikikwita mwanangu na miye mwenyewe sijaota mvi hata moja. Mtoto wa dada ni mwana. Tena shule sikwenda mbali, ninalolijua nimelijua kwa kukosea, na wazee wamesema kupotea njia ndiko kujua njia. Basi kaa, nikuoneshe nilipopotea.

Nyumba yetu ya Hamriya unaijua ilivyo leo, makelele mpaka kwenye paa. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Bibi alikaa chini, sisi kati, na juu alikaa Bi Zuwena na mwanawe, mkwewe na wajukuu. Kodi yao ilikuwa ndogo na Bibi hakutaka kuipandisha, maana Bi Zuwena alikuwa mtu wa kwao Unguja, wamekua mtaa mmoja kabla ya kuvuka bahari kuja huku Uarabuni. Kila kilichopikwa juu kilishuka kwenye sahani, na sahani ilipanda na kitu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata ziwe tende tatu.

Mchukuzi alikuwa Thureya, mjukuu wa Bi Zuwena, miaka mitano, mdomo kama cherehani. Husimama mlangoni akasema, "Shikamoo Bibi. Bibi wa juu kasema mle vingali moto. Na miye siondoki mpaka nione mnavyotafuna."

Watoto wa nyumba nzima wakisema Kiswahili bila ya kufundishwa na mtu. Miye niliona ni kama maji ya mfereji, hufungua tu yakatoka.

Wewe unanijua, ndoto zangu hazingoji usingizi. Niliona watalii wanavyojaa Mutrah, nikasema ghorofa ya juu tuipake rangi, tutie vitanda vizuri, walale wageni. Bibi alikuwa kanikabidhi mambo ya nyumba kwa kuwa nilikuwa hodari wa simu. Nikapanda nikamwambia Bi Zuwena mkataba ukimalizika hatutauendeleza. Alikuwa anachekecha unga. Akasema, "Haya mwanangu. Nyumba ni yenu."

Akaendelea kuchekecha. Nyumba aliyoiweza mwanawe ikapatikana Barka, mwendo mrefu wa gari, na siku ya kuhama akateremsha vitumbua vyake vya mwisho. Sahani ile ndiyo iliyobaki kwa Bibi.

Wageni wakaja, wakapiga picha ngazi yetu, wakaenda zao. Na miye, kwa kuwa Kiswahili nnakipenda kweli, nikaanzisha darasa la watoto kila Jumamosi huko Qurum, sebuleni kwa rafiki yangu. Tulishonesha na fulana. Watoto wakiletwa kwa magari, wakiimba rangi na namba, wakinywa juisi, wakirudishwa. Nilijiona nimejenga mji.

Mwaka na zaidi ukapita hivyo, mpaka siku ile ya sahani.

"Barka, Bibi?" nikamuuliza. "Kwa sahani moja?"

"Zamani ilikuwa vidato kumi na vinane vya ngazi. Nani kaifanya safari?"

Nikaenda. Mlango alinifungulia Thureya. Nikainama nikamwambia, "We cherehani, shikamoo yangu iko wapi?" Akanitazama, akanijibu kwa Kiarabu kuwa bibi yuko ndani. Si kosa, mwanangu, Kiarabu nacho ni chetu. Lakini nilimsemesha tena, na macho yake yakawa kama ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau wapi.

Bi Zuwena alinipokea kwa bashasha, hana kinyongo. Ndiko kulikoniuma zaidi. "Huku jirani wazuri," akanambia. "Hunipungia mkono wakiwa ndani ya gari. Vitumbua? Nimpikie nani, friji? Thureya hushinda shule, akirudi ni Kiarabu cha wenzake tu." Akatoa mkate, akaiosha sahani, akaifuta, akaiweka kabatini juu ya nyengine. Ikalia kidogo. Mlio ule nilirudi nao mpaka Hamriya.

Bibi alikuwa anangoja. "Umewaona?"

"Nimewaona. Thureya kasahau, Bibi."

"Na darasa lako?"

Nikaivuta fulana ya darasa niliyoivaa.

"Lugha haiji kwa miadi, mwanangu. Mtoto husema na yule anayemwomba chumvi. Wewe umewatoa wenye chumvi, kisha unafundisha neno chumvi. Hukusikia wakisema usiache mbachao kwa msala upitao?"

"Kwa nini hukunikataza?"

"Ungeniita wa zamani. Sasa umejionea."

Ee mwanangu, hapo mbio zikaanza. Vitanda nikauza, wageni nikawaomba radhi, nikarudi Barka wiki ile ile. Mtoto wa Bi Zuwena akanishika pabaya: "Dada, sisi si mpira. Ukiota ndoto nyengine utatutoa tena?" Haki yake. Nikamwandikia mkataba wa miaka mingi, kodi ile ile ya zamani, Bibi akatia dole gumba, wakarudi juu. Na stoo ya chini, iliyojaa makabati mabovu, tukaigeuza jiko la vyakula vya kuuza. Wapikaji, Bi Zuwena, mkwewe na wanawake wengine, ndio wenyewe, hakuna bosi, kuna zamu tu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Leo ofisi za Qurum zinaagiza kwetu vitumbua, tena jirani yetu wa pili kaona, naye kawapangisha ghorofa yake wapishi wawili kwa kodi wanayoiweza.

Lakini Thureya alirudi kimya. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikasema nimechelewa. Ya tatu, baada ya alasiri, nikasikia hatua ndogo ngazini. Kasimama mlangoni na sahani.

"Shikamoo Bibi. Bibi wa juu kasema..." Akakwama, akatazama dari. Hakuna aliyemsaidia, Bibi alinikanyaga mguu ninyamaze. "Kasema mle vingali moto."

Bibi akatia kitumbua mdomoni akatafuna polepole, kama aliyealikwa harusini. Thureya akamkazia macho, haondoki. Miye nikalia kama mjinga.

Basi mwanangu, siku moja funguo za nyumba hii zitakuwa mkononi mwako. Atakuja mtu na maneno mazuri kuliko yangu ya wakati ule. Kabla hujamjibu, panda vile vidato kumi na vinane, uangalie ni nani atakayeshuka na sahani. Mpangishe anayesema nawe kwa kodi anayoiweza, na mkate wako ununue kwa jirani hata kama wa dukani uko karibu na mkono. Darasa fanya, ni zuri, miye bado nafanya, lakini nalifanyia jikoni watoto wakikunja sambusa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jirani wa mbali hakutunzii lugha.

Mungu akupe nyumba yenye milango mingi na yote igongwe. Akupe jirani usiyeweza kumrudishia sahani tupu, na mtoto wa kuipeleka, mwenye mdomo kama cherehani. Amin, mwanangu.