Madumu Kwenye Picha ya Zimamoto

Jumamosi gari la zimamoto lilikuja mnadani Mtinko kutufundisha kuzima moto. Mwalimu mmoja mstaafu alilikimbilia na simu mkononi, kanga ikimdondoka. Mama huyu hukusanya picha za magari ya zimamoto kama wenzake wanavyokusanya vitenge.

"Jamani, hili jipya! Sina picha yake!"

Alipiga ya mbele, akazunguka nyuma, akakuta foleni ya madumu ya njano. Huku kwetu gari lenye tangi likisimama, hatuulizi limeleta nini, tunapanga madumu.

"Toeni hayo madumu, mnaniharibia picha!"

"Shikamoo mwalimu," alisema dada wa mbele, bila kusogea. "Wewe piga tu, sisi tunasubiri maji."

Askari wa zimamoto alicheka mpaka akashika kofia, kisha akafungua bomba. Maji yaliporuka, mwalimu naye akaruka: "Hapo hapo! Usifunge!"

Jana alinionyesha picha hiyo, anasema inazishinda zote. Nilikusudia leo kwenye safu yangu hii ya gazeti niwaseme watu wasiojua kazi ya zimamoto. Nimeshindwa. Wa tatu kwenye foleni, mwenye dumu mkononi na kalamu sikioni, ni mimi.