Nusu Sarafu ya Mama Inga

Hakuna kinachoweza kunishangaza mimi. Niliingia Johannesburg na mfuko wa plastiki na viatu vya kuazima, nikawafulia watu nguo kwenye sinki la bafu kule Yeoville, na leo nina maduka matatu ya dobi, kubwa kuliko yote likiwa Fordsburg. Shule niliishia darasa la tano. Nimeibiwa, nimevunjiwa duka, nimeshtakiwa na mke wa mtu kwa ajili ya shati. Sikushtuka. Lakini mwezi uliopita, nikiwa nanusa ile harufu ya pasi ya moto juu ya pamba mbichi, harufu ya baba yangu hasa, simu ililia, na nikajikuta nimekaa juu ya kapu la mashuka ya mteja.

Kwanza niwarudishe Muheza, utotoni. Baba, Salimu, alikuwa dobi wa Waswidi waliokuja na mradi wa maji. Hakuna aliyepiga pasi ya mkaa kama yeye. Kola zake zilisimama zenyewe. Mama Inga, mke wa injinia, alivaa shingoni nusu ya sarafu ya fedha, nyembamba kama ganda la kitunguu. Siku moja alinishikisha. Babu yake aliipata akilima shamba kisiwani kwao, chungu kizima kimejaa. Wazee wao wa kale, alisema, walikuwa wafanyabiashara na maharamia kwa zamu. Walishuka mito mikubwa hadi kwenye masoko yenye fedha ya Waarabu, na kwa kuwa hawakujua kuisoma, waliipima kwa mizani tu. Mizani ikizidi, wanachukua kisu na kukata sarafu. Mimi mtoto wa madrasa nilizikodolea macho zile herufi zisizo na nukta, nikatambua neno moja tu. Allah. Kisu kilikuwa kimepita katikati yake.

Nilikimbia nyumbani kwa bibi, mama yake baba.

"Bibi, Jina la Mungu limekatwa, na yule mama anaingia nalo chooni."

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akaacha kupepeta.

Wiki ile ile kidani kikapotea. Mama Inga alikumbuka kukiacha mfukoni mwa gauni lililoletwa kwetu kufuliwa. Baba aligeuza kila mfuko, akachambua kwa vidole matope ya pale kisimani alipofulia. Wapi. Injinia hakupiga kelele. Alimpa ujira wake, akamwonyesha lango. Sokoni wakapata la kusema: "Salimu, na mfuko wangu umeshaukagua?" Mara ya kwanza alicheka nao. Baadaye akaacha kwenda sokoni, akaenda kukata mkonge kwa mikono ile iliyozoea kupiga pasi hariri, na hakufua tena nguo ya mtu mpaka tulipomzika. Miaka yote hiyo bibi alikula naye sinia moja, mpaka naye akafariki bila kusema neno.

Sasa ile simu. Ilikuwa ya dada yangu Mwanaidi. Msikitini kwetu kuna kona ya kuzika kurasa za msahafu zilizochakaa, maana huwezi kuzitupa jalalani. Mafundi walikuwa wanachimba msingi wa ukuta pale.

"Kaka, kaa chini," alisema, akatuma picha: kijaluba cha tambuu kilichoota kutu ya kijani, na ndani yake mkufu na nusu sarafu.

"Nani aliizika?"

"Wewe unakijua kijaluba kile, unaniuliza mimi?"

Kilikuwa cha bibi.

Utotoni nilidhani kimya chake ni uchungu wa mama kwa mwanawe. Kumbe alikuwa amechagua. Angesema, Jina lingerudi shingoni na chooni. Aliponyamaza, mwanawe akawa mwizi. Na machoni pake yeye hakuiba, alizika maiti. Nimeonyeshwa bastola kwenye robot, taa za barabarani, mchana kweupe mji huu, ila sijakutana na moyo mgumu kama ule. Nampenda bado. Sijui tu nimpende vipi.

Binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alimtafuta Mama Inga mtandaoni. Yu hai, mzee sana, kwenye shamba lile lile. Nilipompigia na kumweleza, Kiswahili chake kikarudi kipande kipande.

"Salimu alisema kweli. Sisi tulimfukuza."

Nilimwambia nitamrudishia, ila asiingie nayo chooni. Akaahidi.

Mfanyabiashara mmoja wa Tanga aliyekuja kununua mzigo aliniletea sarafu mkononi, nikaipeleka Midrand kwa wasafirishaji wa vifurushi. Kijana wa kaunta akatazama kitambulisho changu, akatazama nilichoandika.

"Eish, baba, jina la mtumaji siyo lako."

"Andika hivyo hivyo. Salimu Mbwana. Mimi nalipa tu."

Akapiga muhuri. Randi elfu moja mia nane arobaini na sita na senti hamsini.