Koti la Watu Hamsini na Saba

Koti lenyewe lilikuwa la mtumba, jeusi lililoanza kugeuka kijivu mabegani. Kwenye mfuko wa kifuani lilikuwa na nembo ya nyuzi za dhahabu: ngao, na juu ya ngao ndege aliyepotewa na kichwa kwa kufuliwa sana. Nembo ya shule gani, klabu gani au jeshi gani, hakuna aliyejua. Lilikuwa limesafiri kuliko wote waliolivaa. Bi Picha alilinunua kwa sababu ya mabega yake mazuri, akalitundika kwenye msumari nyuma ya pazia la studio. Tangu hapo, kila aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akiwa na shati lenye oili au gauni lililoacha mabega wazi aliambiwa neno lilelile: "Pita nyuma, jisitiri."

Vyumba kama kile viko popote ambapo serikali imeanza kudai sura za watu. Shuka jeupe ukutani, stuli moja, taa mbili, kioo kidogo, na kitana kilichofungwa kamba kisitembee. Kwa wateja wembamba Bi Picha alikuwa na vibanio vya nguo. Alilikunja koti mgongoni, akabana mara tatu, na kwa mbele kibarua akaonekana mkurugenzi.

"Usigeuke tu," alikuwa akiwaambia. "Ukigeuka, cheo kinadondoka."

Kazi ilimiminika baada ya sheria mpya kusema hakuna kura bila kadi yenye picha. Mtaani wengi waliilaani. Bi Picha hakuwa mmoja wao. Uchaguzi uliopita alifika kituoni akakuta jina la marehemu mumewe, aliyezikwa miaka miwili nyuma, limeshawekewa alama ya wino: amepiga kura. Aliikodolea macho ile alama mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Kwa hiyo sheria ilipokuja aliipokea vizuri, na akaitetea mbele ya wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Wezi wa kura hawaibi kwenye foleni," wifi alisema. "Wanaibia ofisini, wamekaa kwenye viti. Hiyo kadi itamzuia nani? Itamzuia mtu asiye na siku mbili za kuifuatilia."

"Na kaka yako aliyepiga kura yuko kaburini?"

"Kaka yangu akiwa hai hakuwahi kuamka mapema hivyo."

Wakacheka hadi machozi, na kila mmoja akabaki na lake.

Jumanne asubuhi wifi aliingia bila hodi, tepe ya kupimia shingoni, simu imeshikwa mbele kama kitu kinachovuja.

"Wifi, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Funga kwanza, ndipo uulize."

Kwenye redio ya simu, wakala wa chama kimoja alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Alisema amelikagua daftari la wapiga kura lililobandikwa kwenye ukumbi wa shule. Humo kuna watu hamsini na saba waliovaa koti moja, lenye nembo moja. Ama ni wapiga kura hewa, sura zao zimetengenezwa kwa kompyuta, ama ni kikosi na ile nembo ndiyo alama yao. Amewawekea pingamizi wote. Alhamisi saa nne afisa wa uchaguzi atalisikiliza, na asiyethibitishwa atafutwa. Kuhusu kiwanda kilichotoa picha hizo, alisema, kinatafutwa, na kitapatikana.

Bi Picha alitazama pazia. Ukingo wa koti ulikuwa unachungulia chini yake.

"Kikosi," alisema. "Yule mama wa nyanya ni kikosi? Yule mzee kinyozi?"

"Utacheka baadaye. Hilo koti lichome. Leo, sasa hivi, nakuletea kiberiti."

"Nikilichoma, hao watu je?"

"Hao watu wana miguu. Waende wenyewe wakaonyeshe nyuso zao. Wewe una watoto wawili na mlango mmoja."

Wifi alipotoka, Bi Picha alijaribu kuendelea na kazi. Alikuja mwanafunzi anayetaka picha nne, akamwambia mashine imeharibika. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya achungulie mlangoni. Alijikuta anahesabu hatua kutoka stuli hadi dirisha la uani, na dirisha lenyewe lilikuwa na nondo. Alizitia mwenyewe, kwa kuogopa vibaka.

Kesho yake adhuhuri mtu aligonga kwa kucha. Alikuwa fundi mwashi mmoja mrefu, ambaye mtaa mzima ulimwita Saruji kwa sababu hata siku ya mapumziko nyusi zake zilikuwa na vumbi. Alisimama kizingitini, asiingie wala asitoke.

"Dada, mimi ni nambari kumi na tisa kwenye ile orodha."

"Nenda kesho, kaka. Ukawaonyeshe uso wako."

"Uso ndio wanaosema umetengenezwa. Na wenzangu wa pale kwenye jengo wamesema hawakanyagi. Redio imeshasema kikosi. Kikosi hakiitwi kutoa maelezo, kinakamatwa." Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Lakini ukienda wewe, na koti lenyewe, ukasema hili ni la studio, tunaazimwa... yataisha."

"Nikienda mimi, nakamatwa mimi."

Saruji alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ndiyo," alisema. "Inawezekana."

Alipokuwa anaondoka aligeuka. "Nina miaka arobaini na sita. Nimejenga shule, nimejenga benki, nimejenga hata hicho kituo cha polisi. Ile kadi ndiyo karatasi ya kwanza duniani yenye sura yangu. Mke wangu ameiegemeza kwenye kabati la vyombo."

Bi Picha alifunga mlango kwa komeo. Alilishusha koti, akalilaza mezani, akachukua wembe wa kukatia picha. Aliona kuna njia isiyo ya moto. Afumue nembo tu. Bila nembo lingekuwa koti jeusi kama makoti mengine yote, na mtu yeyote angeweza kuingia, apekue, asikute kitu. Alifumua uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndege akakosa bawa.

Hapo wembe ukasimama. Haukusimamishwa na ushujaa. Ni kwamba macho yalikuwa kwenye ngao na akili ikaona jambo rahisi mno: nembo ndiyo iliyowatia watu wale hatiani, na ndiyo pekee ingeweza kuwatoa. Akimaliza kuifumua, yeye atakuwa salama, na wao hawatakuwa na chochote cha kuonyesha. Akakumbuka ile alama ya wino mbele ya jina la mumewe. Mara ile walimfufua mmoja. Safari hii walitaka kuwazika hamsini na saba, wote wakiwa wanatembea.

Alhamisi alilitia koti kwenye mfuko wa plastiki, na vibanio ndani. Njia aliyoizoea ilikuwa imerefuka. Alihisi kila mtu anautazama mfuko. Kwenye geti la shule askari alimwambia aufungue, akachungulia, akainua vibanio vitatu.

"Unaenda kufua, mama?"

"Naenda kwenye pingamizi."

Askari aliacha kutabasamu, akampisha. Mlangoni mwa ukumbi mwandishi wa afisa alimwandika jina, kazi na makazi.

Ukumbini, kati ya hamsini na saba walikuwa wamefika kumi na wawili, wamekaa mbalimbali kama watu wasiojuana. Saruji alikuwa mbele. Na kwenye benchi la nyuma alikaa wifi, ambaye tangu Jumanne hakumsemesha, ameweka mkoba pembeni kumshikia nafasi.

"Kichwa kigumu wewe," wifi alinong'ona. "Kaa."

Afisa wa uchaguzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani na mafua. Alimwita mbele, akamwonya kabla hajafungua mdomo: "Maelezo yako yataandikwa. Kukiwa na kosa hata moja ndani yake, la jina, la kazi au la makazi, wakala ataomba yatupwe, na mimi nitayatupa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Wakala alisimama. Kwa karibu alikuwa kijana kuliko sauti yake, viatu vinang'aa, karani wake pembeni. Mlangoni waliegemea wanaume wawili waliokuja naye, ambao hawakuwa na karatasi yoyote mikononi.

"Kwa hiyo kiwanda ni wewe," alisema.

"Ni studio, baba. Koti naazimisha. Watu wanatoka kazini, nguo zimechafuka. Fomu inataka mavazi nadhifu."

"Koti moja liwatoshe watu hamsini na saba? Mnene, mwembamba, mwanamume, mwanamke? Mheshimiwa, kompyuta tu ndiyo inayoweza hivyo."

Bi Picha alimtazama wakala kuanzia mabegani hadi kiunoni. Angejieleza, wangemzidi maneno. Kitu pekee alichokijua vizuri duniani ni kumvisha mtu.

"Simama hapa," alimwambia wakala, kwa sauti ileile ya studioni, na kijana akasimama kabla hajafikiri. Bi Picha alimvisha koti juu ya shati. Lilimmeza. Akapita nyuma, akalikunja, akabana mara tatu. Kola ikakaa, mabega yakasimama. "Tazama mbele. Kidevu chini kidogo. Usigeuke."

Afisa alivua miwani, akaivaa tena, akatazama karatasi za daftari na kumtazama wakala. Mkunjo wa kola ulikuwa uleule, umevutika kushoto. Ngao ileile, ndege yuleyule, ila bawa.

"Hamsini na nane!" Saruji alisema kwa nguvu.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Askari wa getini alichungulia kuona kulikoni. Hata afisa alijifanya anapenga kamasi. Bi Picha peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa amesimama karibu na kuona jinsi shingo ya wakala ilivyobadilika rangi. Kijana alivibandua vibanio mwenyewe, kimoja kimoja. Alivua koti, akalikunja vizuri sana, akaliweka mezani. Wale wawili wa mlangoni walikuwa wameacha kuegemea.

"Unakaa wapi, mama?" wakala aliuliza kwa upole.

"Hilo litasomwa kwenye maelezo," afisa alisema. Akaeleza uamuzi wake: koti linabaki kama kielelezo, na maelezo haya yakisimama, pingamizi limeanguka kwa wote hamsini na saba, waliofika na wasiofika. Akampa mwandishi wake ishara asome.

Mwandishi alisoma kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima. Jina, sawa. Kazi, mpiga picha, sawa. "Anaishi mtaa wa nyuma ya soko, upande wa kulia, nyumba ya tatu."

Bi Picha aliinua kichwa.

Nyumba ya tatu ilikuwa ghala la magunia. Ilikuwa na kufuli tangu mwaka jana, haikai mtu. Yake ilikuwa ya nne. Mwandishi alikuwa amekosea kuandika tu. Wakala alikuwa ameshachukua kalamu na kuandika kwenye kijitabu chake kidogo, halafu akainua macho kuwatazama wale wawili. Aliyetaka kuja kumtafuta Bi Picha angegonga kwenye kufuli. Nyuma yake alisikia wifi akikohoa mara mbili, kikohozi kisicho cha kifua. Kilikuwa kinasema: nyamaza.

"Yako sahihi?" afisa aliuliza. "Weka sahihi hapa."

Alishika kalamu. Ukumbini watu kumi na wawili walikuwa wanamtazama, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kinaamuliwa.

"Kuna kosa, mheshimiwa," alisema.

"Wapi?"

"Nyumba." Alitamka polepole, ili mwandishi apate, na akijua kwamba si mwandishi peke yake anayepata. "Siyo ya tatu. Ni ya nne. Mlango wa kijani."