Fundi redio anayeipokea satelaiti kwa saa ya kwetu

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, fundi anaweka bisibisi mezani na kumwomba mteja aliyeleta feni asogee kidogo, maana ameziba kompyuta.

"Samahani kaka, nina mgeni anapita."

Mteja anageuka kutazama mlangoni. Hakuna mtu.

Mgeni yuko juu, mamia ya kilomita kutoka kwenye bati la chumba hiki, na hana muda wa kukaa. Ni satelaiti ndogo iliyotengenezwa na wapenzi wa redio ya ridhaa, watu wanaofanya mtihani, wanapewa leseni na kuongea hewani bila kutafuta faida. Ikichomoza upande mmoja wa anga, dakika kumi baadaye imeshazama upande wa pili.

Kompyuta inalia kidogo. Mstari wa herufi na namba unajiandika kwenye skrini, kisha mwingine. Fundi anapiga meza kwa kiganja.

"Umeona huo? Tayari uko mtandaoni. Aliye popote duniani anausoma sasa hivi."

Mteja anauliza feni yake itakuwa tayari lini.

Fundi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, na mtaa mzima unamwita Mama Mawimbi. Chumba chake cha kazi ni hatua nne kwa tatu, kimejaa redio zilizovuliwa mifuniko, makopo ya skrubu na harufu ya risasi ya kuchomelea. Yuko kwenye kazi hii mwaka wa ishirini na mbili.

"Zamani walikuwa wakiingia wananiuliza, 'Fundi yuko wapi?' Nawaambia ametoka kidogo. Nazunguka meza, nakaa kwenye kiti, nasema: haya, karibu."

Alichokijenga juu ya paa anakiita lango. Satelaiti hutuma vifurushi vifupi vya ujumbe popote inapopita: hali yake yenyewe, pamoja na salamu ambazo watu wameirushia iwapelekee wengine. Kama chini hakuna anayesikiliza, vinapotea. Lango linavidaka na kuviingiza mtandaoni.

Kwa furaha alichukua rangi akaandika mlangoni: LANGO LA VIFURUSHI. Wiki nzima hakupumua.

"Mmoja anataka cha wiki, mwingine anauliza kama nina cha dakika na SMS. Nikafuta. Ningekuwa nauza bando kweli ningekuwa mbali sasa."

Antena ameitengeneza kwa vipande vya tepu ya chuma ya kupimia, vilivyofungwa kwenye bomba la plastiki. Kidude cha kupokelea, kidogo kama flashi, kilimgharimu mapato ya siku tisa. Siku hizo alikula kwa dada yake, muuguzi wa zahanati ya jirani, na anataka iandikwe hivyo hivyo.

Lango likakamilika. Likanyamaza kimya.

Wiki saba Mama Mawimbi hakusikia chochote. Kompyuta ilikuwa ileile ya kazi za wateja, kwa hiyo aliwasha lango kwa dakika ishirini tu kwa siku. Alitazama ratiba ya mapito mtandaoni, akachagua yale ya tisa, kumi na kumi na moja, jioni kazi zinapopungua, na kuyanakili kwenye kipande cha boksi ukutani. Muda ukifika, anakaa na kusubiri. Kimya. Alibadilisha waya mara tatu. Alifungua antena, akaifunga upya.

"Nilianza kujiona mjinga. Redio za watu zinanisikiliza, ya kwangu imegoma!"

Hapo ndipo mwenye nyumba alipokata shauri. Ni dereva mstaafu, mtu wa maneno machache, na pale kwenye antena alitaka kuweka tangi la maji. Alimpa mpaka Jumamosi.

"Nilimwambia, hicho kitu chako kikiongea nitakiheshimu," mzee anakumbuka. "Kama hakiongei, basi ni kamba ya nguo tu."

Paa lingine hakuwa nalo. Antena ikishuka, lango limekufa.

Ijumaa jioni dada yake alipitia kuchukua redio ya zahanati. Akasimama mbele ya kile kipande cha boksi, akasoma namba ya mwisho, ya kesho yake: 10.34.

"Mdogo wangu, hii ni saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika thelathini na nne."

"Kwa saa ya nani?"

Fundi anaposimulia hapa hufunika uso. Ratiba ilifuata saa ya mashine, inayohesabu kumi pale sisi tunapohesabu nne. Herufi mbili za kando, za kutenga asubuhi na jioni, hakuzinakili. Satelaiti ilikuwa ikipita saa nne asubuhi, akiwa ameinamia pasi za watu. Yeye akaitegea saa kumi jioni, ikiwa upande mwingine wa dunia.

"Mimi kila siku naandika saa ya kizungu kwenye faili, halafu namtajia mgonjwa saa yetu," anasema dada mtu, bado anacheka. "Ningesoma kama yeye, ningeshaua mtu."

Jumamosi saa nne na nusu, tangi lilikuwa getini, juu ya mkokoteni. Mafundi bomba wawili walishaegemeza ngazi. Mama Mawimbi alimwomba mzee dakika kumi, tena akamwomba aingie ndani aone mwenyewe.

Dakika ya nne, kompyuta ikalia.

"Imesemaje?" mzee akauliza.

"Inasema ipo. Inasema betri yake ina volti saba nukta nne."

Mzee, aliyeishi na betri za malori miaka thelathini, akainama kwenye skrini. "Kwa hiyo ina chaji."

"Ina chaji, Mzee."

Akatoka nje, akawaambia mafundi tangi likae kona ya pili.

"Nililia," anasema Mama Mawimbi. "Sioni aibu. Nililia mpaka dada akaogopa."

Siku tatu baadaye waliotengeneza satelaiti hiyo walimwandikia. Kwenye ramani yao, upande huu ulikuwa mtupu miaka miwili. Sasa kuna nukta moja, na pembeni yake jina la kituo chake. Katika miezi mitano nukta hiyo imeshapokea vifurushi 4,318. Barua ameichapisha na kuibandika mahali pa kile kipande cha boksi.

Kilima cha nyuma ya mtaa humnyima dakika mbili za kila pito, kwa hiyo anataka lango la pili juu ya paa la zahanati, ng'ambo ya kilima, penye umeme wa jua. Mganga mkuu amekubali. Tepu ya pili ameshaikata, iko chini ya meza.

Satelaiti imezama. Fundi anarudi kwenye feni, na sauti ya mzee inaingia kutoka uani.

"Fundi! Ya kesho saa ngapi?"

"Saa nne na robo, Mzee!"

"Saa ya kwetu au ya mashine?"

"Ya kwetu!"