Siagi ya Ng'ambo ya Mpaka

Nilimjua Boróka nilipotaka kumnyakua aje kuoka mikate kwenye duka langu mjini Sopron, huku Hungaria karibu na mpaka. Kila alfajiri alipanda treni kwenda kuoka Austria.

“Dada, mwaka huu mishahara yetu imepanda asilimia kumi na tano, yao saba tu,” nilimwambia, nikijiona bingwa wa kupatana.

“Na bei za vyakula je, bosi?”

“Zimepanda kidogo tu.”

Akaichukua siagi mezani kwangu, akasoma kibandiko. “Hii ya duka lililo jirani na kazini kwangu. Umeifuata hadi Austria kwa sababu ya hicho kidogo?”

Nilikuwa nimenunua pakiti kumi.

Boróka alibaki na kazi yake. Mimi bado natafuta mwokaji, ila siagi sasa ananiletea yeye, nami naokoa petroli.