Siafu kwenye Kisanduku cha Nyuki Wadogo

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. La, mniwie radhi, mafuriko yalikuwa yameshapita. Huu ulikuwa mwaka wa vumbi uliofuata. Katika kituo cha chuo kikuu wanakochunguza nyuki na wadudu wengine wanaochavusha maua, alikuwako mtunza mizinga waliyemwita Mzee Moshi, maana shati lake lilinuka moshi hata siku alipomwoza binti yake.

Nyuma ya maabara kilikaa kisanduku cha nyuki wadogo wasiouma. Msitu walikotoka ulishafyekwa wote, wengine wa aina yao hawakuwako tena. Daktari, mama mtafiti aliyewaleta, alipokuwa akisafiri alimwambia, "Mzee wangu, hawa ndio roho yangu. Nakuachia."

Asubuhi moja, jua limeshakolea, akakuta siafu wanapanda mguu wa meza iliyobeba kisanduku. Jani kavu lilikuwa limeanguka kwenye kopo la oili chafu lililowekwa chini ya mguu huo kuwazuia, wakalifanya daraja. Akamwaga majivu, wakapita. Akamwaga mafuta ya taa, wakazunguka.

"Wahamishe hao nyuki, wakwe zako!" mfagiaji akapiga kelele, akirukaruka, siafu wameshamwingia kwenye soksi.

"Mama, wenzao wako nje wanatafuta chakula! Nikiwahamisha sasa hivi, watarudi wapi?"

"Haya, ngoja jioni uhamishe mbao tupu!"

Nyuki wakubwa wangehama wenyewe. Hawa, malkia wao akishaanza kutaga hawezi tena kuruka. Akampigia Daktari: hapatikani. Akapiga tena. Basi akakumbatia kisanduku, akakimbia nacho hadi upande wa pili wa jengo, huku siafu wakimng'ata mapajani.

Aliporudi, wenye chakula walikuwa wanawasili, miguu imejaa chavua ya njano. Wakazunguka palepale ulipokuwa mlango wao. Siafu walipotawanyika akawawekea kisanduku kitupu alichokipaka nta yao; kile chenye malkia aliogopa kukirudisha, siafu wasije wakarejea. Wachache wakaingia, wakatoka. Akawaita kwa mdomo, kama mtu anayeita kuku, machozi yakimtoka bila haya. Jioni hapakuwa na hata mmoja hewani.

Waliobaki ndani na malkia walikuwa wachanga, maua hawayajui. Maji ya sukari aliyowapa hayakuwafaa. Daktari aliporudi, kisanduku kilikuwa kimya. Hakumgombeza. Alikaa chini kwenye vumbi, akakipakata.

Mzee Moshi hakuuliza kama kazi bado anayo. Alimuuliza jambo moja tu, na baadaye akamuuliza mkewe, na mfagiaji, hata wageni wa chuo: wale waliorudi na mizigo yao wakakuta nyumba hakuna, usiku ule walilala wapi?