Siku Akoo Alipokula Samaki

Siku hizi Isiolo samaki si habari. Ukipita karibu na stendi jioni utawakuta akina mama na makarai yao, tilapia wamepangwa juu ya gazeti, na watoto wa shule wananunua vipande na kula huku wakitembea. Mwezi jana nilikuwa napita hapo nikielekea mtaa wa Wabera, harufu ile ikanishika nikasimama katikati ya njia. Muuzaji akaniuliza, "Nikufungie ngapi, mama?" Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka tisa, kwenye nyumba yetu ya mabati, siku ambayo samaki wa kwanza aliingia mlangoni kwetu.

Lazima ujue kwamba sisi ni watu wa mifugo. Zamani kwetu hakuna aliyekula samaki. Wakubwa walisema ni nyoka tu aliyehamia majini, na sisi watoto tuliamini.

Mwaka huo mama alifariki. Wiki ya mazishi, mama yake alikuja kutoka Garbatulla juu ya lori la mbuzi, amekumbatia kibuyu cha maziwa na blanketi moja. Sisi Waborana nyanya tunamwita Akoo. Alikuja kumzika binti yake, kisha akabaki kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimeacha kula.

Sikuwa nagoma. Chakula kilifika mdomoni kikageuka mchanga. Akoo alijaribu kila kitu alichokijua. Alinipa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Alinipikia nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama vinavyokaangwa na kuwekwa ndani ya samli, chakula ambacho zamani nilikuwa nakiiba. Alinishikia kikombe mdomoni mpaka maziwa yakapoa. Daktari alinipima akasema sina ugonjwa. Akoo akamwambia, "Mtoto hana ugonjwa na anaisha? Wewe umesomea nini?"

Baba alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji. Mara moja kwa mwezi alipanda Mlima Kenya kupima kina cha ziwa dogo ambako mto wetu mmoja unaanzia. Shule zilikuwa zimefungwa. Jioni moja akasema, macho yakiwa chini kama inavyompasa mkwe, "Mama, nitaenda naye."

"Huko juu baridi itamaliza yeye."

"Hata hapa anaisha, mama."

Akoo alinivalisha sweta mbili, akanifunga na lile blanketi lake.

Sikuwa nimewahi kuona mahali kama pale. Landrova ya kazini ilipanda kutoka kwenye vumbi letu, ikapita mashamba ya ngano, ikaingia msitu wa mianzi, mwisho ikatoka kwenye nyanda za nyasi ngumu ambako hakuna mti. Ziwa lilikuwa limelala kwenye bonde, jeusi na kimya, maji yake baridi hadi yanauma vidole. Palikuwa na kibanda kimoja, na mlinzi wa ziwa, mzee wa Kimeru aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Ndiye aliyenionyesha trauti, samaki wa maji baridi. Wazungu ndio waliowaleta mlimani, akasema, na samaki wakapapenda kuliko hao waliowaleta.

Asubuhi, baba alipokuwa akisoma vipimo vyake, mzee alinipa ufito wenye mshipi na ndoana, akachomeka panzi kama chambo. Akasema, "Hawa hawapendi mtu wa haraka. Tulia kama jiwe." Kutulia nilikuwa nakuweza. Kwa wiki nyingi sikuwa nimefanya kingine. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikitazama ukungu ukipanda juu ya maji, na kwa mara ya kwanza sikuwa nafikiria kitanda cha mama kilichobaki kitupu.

Mshipi ukavutwa. Nilipiga kelele, rafiki yangu, kelele ambayo baba aliisikia ng'ambo ya ziwa akatupa daftari lake na kukimbia. Alifikiri nimetumbukia. Alinikuta nimeketi matopeni, nimekumbatia samaki kifuani kama mtoto mchanga, sweta zote mbili zimelowa. Samaki alikuwa mzuri ajabu: madoa meusi mgongoni na mstari wa waridi ubavuni. Baba alinitazama, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akakaa chini kando yangu, wote tukalowa.

Mzee alitaka kumchoma samaki pale pale. Nikakataa. "Huyu ni wa Akoo," nikasema.

Baba alifungua mdomo, nadhani alitaka kuniambia kwamba Akoo hali samaki. Akaufunga. Walimtoa matumbo, wakamtia chumvi, wakamviringisha kwenye nyasi zenye maji, na njia nzima ya kurudi nilimpakata.

Akoo alikuwa mlangoni. Nilipofungua zile nyasi aliruka nyuma.

"Nani ameleta nyoka kwa hii nyumba?"

"Ni mimi, Akoo. Nimekushikia wewe."

Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizomwambia tangu mazishi. Alinitazama. Alimtazama baba, ambaye alikuwa anachunguza viatu vyake. Kisha akamwita jirani yetu, mama wa duka aliyetoka upande wa Meru, kwa sababu ndiye peke yake kwenye plot yetu aliyejua kupika kitu hicho. Jirani alimkaanga na kitunguu na nyanya, na sufuria hiyo Akoo hakuigusa tena maisha yake yote.

Aliketi kwenye kigoda, sahani magotini. Akamwomba Waqa, Mungu wetu, kwa sauti ndogo. Akamega kipande, akafumba macho, akakitia mdomoni, akatafuna polepole sana.

"Ni tamu?" nikauliza.

"Ni tamu," akasema. Akamega kingine, akaninyooshea. "Sasa wewe. Nakula moja, unakula moja."

Tukala hivyo, kipande kwake, kipande kwangu, hadi ukabaki mgongo wa miiba. Usiku huo niliomba ugali. Kesho yake nilimaliza kikombe cha maziwa. Shule zilipofunguliwa nilikuwa nimenenepa, na mwalimu akawa ananikaripia kwa kuongea darasani.

Akoo alikaa nasi miaka mingi. Niliwahi kumpelekea samaki mwingine, akacheka akasema amezeeka, meno hayawezi miiba. Nikamwamini.

Alipofariki, jirani yule wa duka alikuja kwenye matanga, naye amekuwa mzee. Tulikuwa tunaosha vikombe pamoja, nikamkumbusha samaki yule, nikasema Akoo alimfurahia sana. Jirani akaacha kuosha.

"Hukujua?" akasema. "Ulipolala alienda nyuma ya choo akatapika yote. Nilimshikilia mimi. Akanawa uso, akaniambia: huyo mtoto asisikie. Kisha akarudi akakaa karibu na kitanda chako."

Baba amestaafu. Ananiambia kibanda cha mlimani kilibomoka, na maji ya ziwa yameshuka mpaka mawe ya katikati yanaonekana. Nyumba yetu ya mabati ilivunjwa, pamejengwa gorofa. Mzee wa koti sikumwona tena. Hayo yote nimeyazoea, mji ni mji.

Lakini Akoo alikuwa amemzika mwanawe mwenyewe siku zile. Naye lazima chakula kilikuwa mchanga mdomoni mwake, na hakuna aliyemshikia kikombe. Hilo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa mtoto. Sasa nalifikiria, na hayupo wa kumwambia asante.